Shotigani ya mtumba iliyotoka polisi: namna ya kujua bei yake ya haki kabla hujatoa hela

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Chunya saa tatu usiku, sauti imejaa furaha, ananiambia mwanangu nimepata shotigani, ya polisi wa Marekani hiyo, Remington, jamaa anataka hela yake kesho. Nikamwamkia kwanza, nikamuuliza bei, akaitaja. Ndugu zangu ile bei ilikuwa inagusa kabisa ya mpya dukani, ilipungua kama laki mbili hivi. Nikamuuliza sasa baba mbona ghali namna hiyo na ni iliyotumika, akanijibu "ya polisi hiyo, si ya mchezo". Nikamwomba asitoe hata shilingi mia mpaka nifike. Asubuhi nikapanda gari Mbeya mjini, tukaanza kuupanda ule mlima wa kwenda Chunya na ukungu wake, njia nzima nawaza hilo neno "ya polisi", maana nimeshaona watu zaidi ya mmoja wanalilipia hela nyingi na ukiwauliza wamelipia nini hasa hawana jibu.

Ndo maana naandika hii. Nawaandikia wale ambao tayari wana leseni au maombi yao yapo njiani: mkulima wa Mbarali anayeliwa mahindi na nguruwe pori, mwenye shamba la miti Mufindi anayekaa peke yake huko msituni, mwenye duka la jumla Mwanjelwa, jamaa wa kampuni ndogo ya ulinzi Iringa. Kama huna leseni anza na leseni, bei utaijua baadaye.

Na tuanze hapo hapo kwenye karatasi, maana bunduki isiyo na karatasi bei yake ni sifuri. Sifuri kabisa, siyo "bei nafuu". Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini ya hiyo sheria silaha inafuata jina la mtu, haihami kwa kupeana mkono kama pikipiki ya kijijini. Maombi yanaanza kwa serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kata, yanakwenda wilayani kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kamati ya usalama, yanapanda. Kwa hiyo muuzaji akikwambia chukua sasa hivi, karatasi tutamalizana mbele ya safari, huyo hakuuzii bunduki, anakuuzia kesi. Kitu cha kwanza kudai ni leseni yake yeye yenye namba ya bunduki, na hiyo namba uisome mwenyewe kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, usikubali kusomewa. Ikiwa imekwanguliwa, imepigwa upya, au herufi moja imekaa kombo, rudisha bunduki mezani na uondoke, na kwa kweli ukatoe taarifa.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu ya hilo jina la polisi. Shotigani ya Jeshi la Polisi la hapa kwetu haiuzwi kwa raia mtaani, kwa hiyo mtu akikuvuta pembeni pale stendi ya Nane Nane au Ipogolo akakunong'oneza kwamba ana ya polisi, ya hapa hapa, hiyo ni ya wizi au ni mtego, chagua lolote hakuna zuri. Shotigani "ya polisi" ambayo inaweza kuwa halali ni ile iliyotumika na polisi wa nchi nyingine, ikauzwa huko kwa muuzaji mwenye leseni, ikaingizwa nchini na karatasi zake za kuingizia. Hizo karatasi ziulizie.

Kuna pia bunduki za marehemu. Mzee kafariki, watoto wanaikuta chini ya kitanda, wanataka kuigeuza hela ya msiba au ya ada. Nawaelewa sana, ila leseni ya mzee imekufa na mzee, silaha inatakiwa ikabidhiwe polisi kwanza na taratibu za warithi zifuate, na mpaka hapo haina bei. Hata kama ni nzuri. Hata kama wanakupa kwa nusu.

Haya, tuseme karatasi zipo safi. Sasa hiyo "ya polisi" maana yake nini kwenye bei?

Marekani polisi kwa miaka mingi karibu kila gari la doria lilikuwa na shotigani ya pampu (unavuta kishikio cha mbele nyuma na mbele kuingiza risasi), geji 12, na geji ni kipimo cha upana wa mtutu. Iliyovuma kuliko zote ni Remington 870 iliyoanza 1950, afu Mossberg 500 ya mwanzoni mwa miaka ya 60 na ndugu zake 590, Ithaca 37 ya 1937, na Winchester za aina mbalimbali. Tarehe 28 Februari 1997 kukawa na lile tukio la North Hollywood, Los Angeles, majambazi wawili wa benki wamevaa vizuia risasi, polisi wana bastola na shotigani na haziwapenyi. Baada ya pale vituo vingi sana vikahamia kwenye bunduki za raifo, zinazopenya zaidi, kwa ajili ya doria, shotigani zikaanza kurudishwa kwa wauzaji kwa maelfu, kama vile kampuni inavyobadilisha magari yake kwa pamoja. Kwa hiyo kwao hiyo ni bidhaa ya kawaida, na kwa kawaida ni rahisi kuliko mpya, unaikuta kwa dola 300 hadi 400 hivi kutegemea na hali. Ule upekee ambao muuzaji wa Chunya aliutaja kwa sauti ya chini, huko kwao haupo.

Ila usichukue hizo dola ukazizidisha kwa bei ya leo ya benki ukaja kumwambia mtu umenipiga. Kuna usafiri wa silaha ambao siyo wa kuweka kwenye begi, kuna vibali vya kutoka na kuingia, ushuru, na mwenye duka naye lazima ale. Hizo dola zinakusaidia kwa jambo moja tu: kujua kwamba kule ilikotoka neno polisi linashusha bei, halipandishi. Hapa likipandisha, jiulize kwa nini.

Maisha ya shotigani ya polisi ni ya namna yake, na ukiyaelewa utaacha kuogopa vitu ambavyo haviogopeshi. Inakaa miaka kumi na tano kwenye kishikio ndani ya gari, inatikiswa, inachubuliwa na chuma, inachomolewa na kurudishwa kila zamu, mara inalowa mara inapigwa jua. Lakini haipigwi sana. Askari anaenda nayo kwenye shabaha mara chache kwa mwaka, anapiga risasi kadhaa, basi. Kwa hiyo nje inaonekana imechakaa kama jembe la urithi, kitako kina mikwaruzo, rangi imetoka kwenye kona zote, na ndani mitambo bado mipya. Bunduki ya mwindaji au ya mchezo wa shabaha ni kinyume chake, nje inang'aa maana mwenyewe anaipenda anaifuta na kitambaa, ndani imeshatafuna maelfu ya risasi.

Kwa hiyo mikwaruzo ya nje punguza bei kidogo tu, asilimia tano, kumi ikizidi sana, na wala usiitumie kama hoja kuu ya kubishana. Tena ning'oe wasiwasi mmoja: pampu ya polisi ukiitikisa kile kishikio cha mbele kinacheza cheza kinalia, watu wanadhani imekufa. Hapana, zipo hivyo hivyo.

Kabla hujagusa chochote, bunduki iwe tupu. Mtutu uelekee sehemu isiyo na mtu, kidole mbali na triga, vuta pampu nyuma, angalia chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa), ingiza kidole kidogo upapase, afu papasa na mdomo wa ile bomba ya risasi chini yake. Mwenye bunduki akikwambia haina kitu mwambie sawa mzee wangu na bado uangalie. Fanya hivyo kila ikitoka mkononi mwako ikarudi.

Sasa mtutu. Hapa usiwe na haraka, kaa hata dakika kumi, maana kwa maoni yangu nusu ya bei ya shotigani iko kwenye mtutu. Kwenye Remington 870 unafungua ile kofia ya mbele ya bomba, mtutu unachomoka wenyewe, hauhitaji fundi. Ufute ndani na kitambaa kikavu, uelekeze kwenye anga jeupe (siyo jua), uangalie kutoka pande zote mbili. Utaona miduara ya mwanga ndani yake. Ikiwa imenyooka na kukaa sawasawa yote, vizuri. Mduara mmoja ukikatika au ukajipinda hapo kuna sehemu imebonyea, na ukiona kama pete nene inayozunguka mtutu mzima hiyo ni hatari, maana yake ilipigwa wakati mtutu umeziba na matope au kitambaa, ukavimba. Pitisha vidole nje polepole utaisikia hata kama jicho halijaiona. Mtutu uliovimba haununuliwi. Usiulize wanapunguza ngapi.

Afu kuna kutu. Kutu ya juu juu inayofutika na mafuta na pamba ya chuma laini siyo shida, ila vishimo, yaani chuma kimeliwa kikabaki na mabonde kama uso wa mtu aliyeugua ndui, hivyo havirudi. Vikiwa vichache katikati ya mtutu bunduki bado inapiga, punguza asilimia kumi na tano mpaka ishirini. Vikiwa ndani ya chemba ni habari nyingine kabisa, ganda la risasi likishapigwa linatanuka na kung'ang'ania kwenye hivyo vishimo, unavuta pampu haiji, na hapo ndo siku nguruwe amekugeukia. Chemba yenye vishimo punguza theluthi nzima au achana nayo.

Na sisi watu wa nyanda za juu kutu ni habari yetu kuliko watu wa Dodoma. Rungwe mvua inanyesha zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, Tukuyu nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba, Kyela joto na unyevu wa ziwa, Makete na Njombe umande na baridi mpaka mwezi wa nane. Bunduki iliyokaa miaka mitano kwenye nyumba ya huko, imefungwa kwenye gunia au kwenye ala ya ngozi, hata kama Marekani ilitoka nzima, hapa imeliwa. Ngozi inanyonya maji inayashikilia kwenye chuma. Kwa hiyo muulize mwenyewe imeishi wapi, siyo ilitoka wapi tu. Iliyokaa Isimani au Usangu kwenye ukavu itakuwa na vumbi, vumbi linasafishika.

Kutu ya kwetu inajificha sehemu tatu: chini ya kishikio cha mbele juu ya ile bomba ya risasi, ndani ya kitako pale kinapoungana na chuma, na chini ya ile raba ya nyuma. Baba mdogo na mimi tulipofika kwa yule jamaa wa Chunya bunduki ilikuwa imepakwa wese jipya mpaka inateleza, inang'aa, inapendeza. Nikaomba bisibisi. Jamaa akasita kidogo akasema ya nini sasa, nikamwambia mzee anataka kuona. Tulipovuta kile kishikio, ile bomba chini ilikuwa nyekundu, imemenyeka kama bati la choo cha zamani, na spiringi yake ndani ilikuwa imeota kutu. Baba mdogo hakusema kitu, akafunga begi lake la hela.

Mtambo sasa. Ukiwa na risasi za bandia (za plastiki) ndo vizuri zaidi, risasi za kweli usizitumie kujaribia ndani ya nyumba hata siku moja. Ingiza tatu kwenye bomba. Vuta pampu kwa nguvu ya kawaida, siyo ya kubembeleza. Inatakiwa itoke moja, ipande moja, ifunge. Zikitoka mbili kwa mpigo, moja ikadondokea chini, zile bawaba ndogo za pembeni zinazozuia risasi zimechakaa au zimelegea, kwenye 870 hiyo inajulikana sana na inahitaji fundi anayejua. Angalia ile ndoano ndogo kwenye kichwa cha kifungio (kile chuma kinachofunga chemba) inayolivuta ganda, iwe na makali, isiwe imekatika pembe. Ganda liruke mbali, likidondoka mguuni kwako kuna kitu kimechoka.

Sefti (kile kizuizi cha triga) iijaribu hivi, bunduki tupu, umeihakiki tena: weka sefti, vuta triga kwa nguvu kweli, isilie. Achia triga, toa sefti bila kugusa triga, isilie. Afu iweke tayari, sefti imetolewa, gonga kitako chini kwenye raba au kapeti mara mbili tatu, isilie. Ikilia hata mara moja siyo suala la bei tena, haifai kuingia nyumba yenye watoto.

Kitako cha mbao angalia nyufa pale nyuma ya chuma, mpasuko ukipita hapo kila risasi unauongeza. Cha plastiki mara nyingi hakina neno.

Kuhusu jina lililoandikwa pembeni, hili nalo linabeba hela. Remington ilianza kutoa 870 Express mwaka 1987, hiyo ni ya bei rahisi, chuma chake kimemalizwa kwa haraka, chemba mbaya mbaya inayoshika maganda, na nyingi za baadaye ile sehemu ya kuzungukia triga ni plastiki. Ya polisi inaandikwa Police Magnum, chuma kimepakwa fosfeti ya kijivu nyeusi isiyong'aa, sehemu ya triga ni aluminiamu siyo plastiki, spiringi ni ngumu zaidi. Ukishika zote mbili mkono unajua. Muuzaji akikwambia ya polisi na pembeni imeandikwa Express Magnum, basi lipia Express, ambayo ni kama robo chini. Ila tahadhari, za polisi za zamani nyingi ziliandikwa Wingmaster tu, hizo ni nzuri sana, wala usizidharau kwa sababu hazina neno Police.

Umri wake unasomwa hivi. Upande wa kushoto wa mtutu, karibu na mwili wa bunduki, kuna viherufi vidogo viwili vitatu. Herufi ya kwanza ni mwezi, wanafuata neno BLACKPOWDERX, yaani B ni Januari, L Februari, A Machi, unaenda hivyo hivyo mpaka X ni Desemba. Ya pili ni mwaka kwa orodha yao. Ila hiyo ni tarehe ya mtutu, siyo ya bunduki, na nimeshasema mtutu unachomoka kirahisi, kwa hiyo ukiona chuma cha nyuma kimechoka na mtutu mchanga ujue umebadilishwa, siyo kosa, ila uliza kwa nini.

Mossberg kwa watu wa Tukuyu na Kyela mimi ningeipa nafasi ya kwanza kabisa, mwili wake ni aluminiamu hauoti kutu, wakati wa 870 ni chuma. Sefti yake iko juu kwa kidole gumba. Kwenye 500 ya kawaida hiyo sefti ni plastiki na huwa inavunjika, iangalie, ile 590A1 ni ya chuma na mtutu wake ni mzito. Kwa bei ziweke sawa na 870, usikubali kuambiwa Mossberg ni ya daraja la chini.

Kuna moja nataka niieleze kidogo japo hutaikuta kirahisi, inafundisha. Waingereza kupitia W. W. Greener wa Birmingham walitengeneza shotigani ya risasi moja moja kwa ajili ya polisi wa makoloni, Misri hasa, kwa mtambo wa Martini. Wakaipa risasi ya geji 14 ambayo haiuzwi mtaani, ili ikiibiwa mwizi asipate cha kuilisha. Watu wakagundua risasi ya geji 16 ukiizungushia karatasi inaingia inapiga. Wakatengeneza nyingine yenye risasi ya umbo la chupa na sindano ya kugonga risasi yenye meno matatu, hapo ndo ikashindikana kabisa. Leo bunduki hiyo ni chuma imara, imetengenezwa kwa ustadi, na kwa mkulima wa Ilembo haina thamani yoyote maana risasi haipo. Kwa hiyo swali la risasi lije mapema: inakula nini, na hicho inachokula kinapatikana duka la silaha unalolifikia kwa kibali chako? Geji 12 ndo salama. Angalia pia urefu wa chemba uliochongwa kwenye mtutu, inchi 2¾ ni milimita 70, inchi 3 ni milimita 76. Bunduki za Kiingereza za zamani nyingi ni milimita 65, risasi ya 70 itaingia vizuri kabisa bila kulalamika, ila ikifunguka inakosa nafasi na presha inapanda vibaya. Hiyo imewahi kuumiza watu mikono na macho.

Halafu inakufaa wewe? Hili watu wanalisahau wakati wa kupatana bei. Mtutu wa polisi mara nyingi ni mfupi, inchi 18 au 20, yaani sentimita 46 au 51, na mdomo wake uko wazi haujabanwa. Gololi zinasambaa haraka, makadirio ya watu wa shabaha ni kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwa hiyo mita ishirini zimeshatanda kama nusu mita. Kwa mlinzi wa duka au ghala hiyo ni sahihi. Kwa mwenye shamba anayetaka kufika ng'ambo ya mahindi mita hamsini, hiyo bunduki haimsaidii, hata ipewe jina gani, na angepata ya mtutu mrefu uliobanwa mdomo kwa bei ile ile. Na kuhusu wanyama, leseni ya bunduki siyo kibali cha kuwinda, tumbili na nguruwe wana sheria yao, pita kwa afisa wanyamapori wa wilaya kwanza. Na mtutu pima na futikamba. Ukiwa mfupi kuliko hizo inchi 18, au mdomo haujakatwa sawasawa, au ile shanga ya kulengea haipo katikati, huenda umekatwa na msumeno na mtu, usiuguse.

Basi hesabu yenyewe mimi naipiga hivi. Nauliza kwanza dukani bei ya mpya ya aina inayofanana, siyo ya aina nyingine. Tuseme kwa mfano tu ni milioni 3, we weka namba utakayoambiwa. Iliyotoka polisi, nzima ndani, imechoka nje, karatasi safi, naanzia asilimia sitini, yaani milioni 1 na laki 8. Hapo ndo dari yangu. Kutoka hapo nashuka: vishimo vya mtutu, bawaba zilizolegea, kitako kilichopasuka, kila kimoja kwa uzito wake. Na hapa kuna jambo la kwetu ambalo ukisoma ya Marekani hutaliona. Kule mtutu mbovu unaagiza mwingine kwa posta unafika wiki ijayo. Hapa kipuri cha silaha ni kibali, ni kusubiri, mara nyingi ni safari ya Dar, na fundi bunduki mwenye leseni siyo kila mji unaye. Kwa hiyo kipuri kilichokufa usikikatie bei ya kipuri, kikatie bei ya kipuri mara mbili, hiyo ya pili ni nauli na miezi yako.

Vitu vya kuongezea bei ni vichache: mkanda mzuri, mtutu wa pili mrefu uliomo kwenye karatasi hizo hizo (huo naupa hata asilimia ishirini, unaifanya bunduki moja kuwa mbili), sanduku la chuma la kufungia. Muhuri wa kituo cha polisi cha mji fulani wa Marekani uliochongwa pembeni, kuna wakusanyaji kule wanaulipia, hapa mimi siulipii hata elfu kumi.

Ya Chunya tuliiacha. Miezi minne baadaye tukasikia kuna mzee Mafinga anastaafu biashara ya mbao, anauza shotigani yake, tena mwenyewe alisema ni mbaya mbaya tu ila inafanya kazi. Tukaenda. Kweli kwa macho haikupendeza, 870 ya fosfeti imepauka, mtutu umechubuka mstari mrefu pale ilipokuwa inashikiwa kwenye gari, kitako kama kimetafunwa na mbwa. Mzee mwenyewe akatoa bisibisi kabla hatujaomba. Chini ya kishikio pakavu, mafuta kidogo, safi. Mtutu miduara yote imenyooka, vishimo viwili vidogo karibu na mdomo. Risasi za bandia tatu zikaingia zikatoka moja moja. Akatuonyesha karatasi ya kuingizia, leseni yake, na risiti ya duka alilonunulia, kila kimoja kwenye bahasha yake.

Baba mdogo akaniangalia, nikamwambia asilimia hamsini na tano ya mpya. Mzee akasema sitini. Wakaongea wenyewe wazee kuhusu mvua na bei ya mahindi karibu nusu saa, mimi nikanyamaza, wakakutana kwenye hamsini na saba na mkanda juu. Hela haikutoka siku hiyo. Walikwenda wote wawili kwa OCD, bunduki ikabaki polisi mpaka jina la baba mdogo lilipoingia kwenye leseni, na siku hiyo ndo alimhesabia mzee wa Mafinga noti zake pale pale kwenye benchi la kituo, afande akiwa anaangalia, namba ya kwenye chuma ikasomwa kwa sauti mara ya mwisho na ikalingana.